Honi Tano za LeBron

Nyumbani kwa Mzee Wilibrodi, pale Rhotia, watoto hawakubishana na baba. Akisema maharage yapandwe wiki hii, yalipandwa. Akisema mtu fulani asikanyage uani kwake, hakukanyaga, hata kama mkewe Selina angenuna mpaka Jumapili. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Felista, kitinda mimba wake, aliruhusiwa kumpinga mpaka sauti ipande, na mzee akafurahi kupingwa. Jambo hilo ni nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu kuliko wote waliowahi kuucheza kwa kulipwa.

Wilibrodi aliujua mchezo huo seminarini. Padri mmoja Mmarekani alifunga ringi kwenye nguzo ya mti nyuma ya jiko, akawafundisha wavulana kurusha na kudaka, na jioni akawasimulia habari za Bill Russell kama alivyosimulia habari za mitume. Upadri ulimshinda Wilibrodi, kikapu kikabaki naye. Baadaye akawa dereva wa watalii, na kila alipopata wageni Wamarekani aliwauliza habari za wachezaji kabla hajawaonyesha simba. Orodha yake haikubadilika: Russell wa kwanza, Kareem wa pili, Jordan wa tatu, Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, wa nne, na LeBron wa tano.

"Wa tano!" Felista alikuwa akiruka kila mara. "Baba, mtu amecheza zaidi ya miaka ishirini, kampita hata Kareem kwa pointi, halafu unampa nafasi ya tano?"

"Russell ana pete kumi na moja za ubingwa. Hata vidole vya kuzivalia havikumtosha."

"Wakati wake timu zilikuwa chache."

"Na wewe wakati wake hukuwepo. Kula ugali."

Felista alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja mjini Karatu, na jioni aliwafundisha wasichana mpira wa kikapu. Mwaka huo, mvua za masika zilipokuwa zimepamba moto, rafiki yake wa chuo, Naishorua, aliyekuwa akifundisha kule Endulen, alimwomba ringi za uwanja wa shule. Fundi wa kuchomelea wa Karatu akazitengeneza mbili. Mzee Wilibrodi, ambaye alikuwa amestaafu lakini hakutaka mtu yeyote aguse Land Rover yake, akasema ataendesha mwenyewe.

Walifika Endulen Jumamosi, wakazifunga ringi, wasichana wakarusha mipira wakiwa na shuka zao zilizofungwa kiunoni, na mzee akapiga kelele pembeni ya uwanja mpaka sauti ikamkauka. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka, Naishorua alitazama mawingu upande wa kreta, lile bonde la volkano, akasema, "Mzee, laleni. Huko juu leo hakuna barabara."

"Mwanangu, ile barabara nimeipita kabla hamjazaliwa," alisema Wilibrodi, akawasha gari.

Mpaka bonde la Malanja kulikuwa na mwanga. Walipopanda kwenye ukingo wa kreta, ukungu uliwameza. Taa zikawa zinaangaza ukuta mweupe tu. Mvua ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama uji. Felista alikuwa ameshika kishikio cha mlangoni kwa mikono yote miwili. Upande wake wa kushoto msitu ulikuwa unashuka moja kwa moja, vilele vya miti vikiwa chini ya magurudumu.

"Unaogopa?" baba yake aliuliza.

"Hapana."

"Basi nitajie wachezaji wako watano, usinyamaze hivyo."

Alikuwa amefika kwa Jordan, aliyemweka wa pili, waliposhuka kona ya kuelekea geti la hifadhi la Lodoare, na nyati wakawa mbele yao. Hakuwaona wakija. Migongo myeusi ilitokeza tu ndani ya ukungu, karibu kabisa. Wilibrodi alikata usukani, akakanyaga breki, akaziachia, akazikanyaga tena, lakini gari lilikuwa limeshaanza kuteleza ubavu. Likateleza polepole. Kwa muda huo wote Felista aliamini litasimama. Kisha ukingo wa barabara ukakatika na wakaenda.

Alisikia matawi yakivunjika, chuma kikilia, na sauti ya mtu akilia ambayo hakujua kama ni yake. Halafu likaja pigo moja kubwa, na kimya.

Gari lilikuwa limesimama likiwa limeinama mbele, pua yake imejikita kwenye shina la mti mkubwa. Nyuma ya mti ule hakukuwa na kitu kingine ila ukungu. Felista alijigusa kichwa, akaona damu kidogo. Mikono inafanya kazi, miguu inafanya kazi. Akageuka.

Baba yake alikuwa amekaa wima, macho wazi, anapumua kwa mdomo. Dashibodi ilikuwa imeingia ndani na kumbana mguu wa kulia. Chini ya goti, suruali ilikuwa imelowa na ilikuwa inazidi kulowa.

"Baba."

"Nipo. Usinivute."

"Nitausukuma huu mlango..."

"Felista, nimesema usinivute. Gari linacheza. Husikii?"

Alisikia. Kila alipojisogeza, mti ulitoa mlio mdogo, na gari zima likatikisika. Alikaa bila kupumua. Kisha, taratibu, akavua jezi aliyokuwa ameivaa juu ya fulana, akaipitisha juu ya goti la baba yake na kuikaza kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mzee alitoa sauti ambayo hakuwahi kumsikia akiitoa. Fundo lilimponyoka Felista, akalifunga tena.

Simu yake ilikuwa imepasuka. Ya baba yake ilikuwa nzima, lakini kule bondeni haikuwa na mtandao. Mchana ulikuwa unakwisha, na wote wawili walijua kwamba geti likishafungwa hakuna gari linaloruhusiwa kupita tena hadi asubuhi. Walijua pia jambo ambalo hawakulisema: kwamba asubuhi ni mbali mno kwa mguu ule.

"Panda barabarani," Wilibrodi alisema. "Magari ya wageni ya mwisho yanashuka sasa hivi. Ukikaa hapa hakuna atakayetuona."

"Siwezi kukuacha na nyati wako huku."

"Nyati hawapandi Land Rover." Alijaribu kucheka, akaacha. "Nitapiga honi ili ujue niko macho."

"Na ukipitiwa na usingizi?"

Mzee alifikiri. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. "Utakuwa unaniuliza orodha. Wewe taja jina, mimi nitapiga honi kulingana na nafasi yake. Russell moja, Kareem mbili. Ukisikia nimekosea, ujue mambo yameharibika. Mimi orodha yangu siikosei."

Felista alichukua simu ya baba yake, akatoka kupitia dirishani, kwa sababu mlango wake ulikuwa umeminywa. Alipanda kwa kushika mizizi. Matope yalimrudisha chini mara kwa mara, na kila gari lilipolia nyuma yake alisimama, akifumba macho, akingoja kusikia likiporomoka. Halikuporomoka. Alipofika juu na kutazama chini, hakuona gari, hakuona hata mti. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.

Aliinua simu ya baba yake juu. Hakuna mtandao.

"Baba! Jordan!"

Kisha kutoka chini, honi ikalia mara tatu.

Felista aliketi kwenye tope kwa furaha, akasimama tena. "Kareem!"

Mara mbili.

"Olajuwon!"

Mara nne, ya mwisho ndefu kidogo, kama mtu anayesisitiza.

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Akiita, akisikiliza, akitazama juu barabarani kama kuna taa zinakuja, akiita tena. Baridi ilikuwa imepenya mpaka kwenye mifupa. Baada ya muda aligundua kwamba majibu yanachelewa. Mwanzoni alikuwa akimaliza tu kutaja jina, honi ikalia. Sasa alikuwa akiita na kungoja, na kila kungoja kulizidi kuwa kurefu.

Alikuwa anajiandaa kuita tena aliposikia pumzi nyuma yake.

Ilikuwa pumzi nzito, yenye maji, kama ya ng'ombe anayetoka kunywa. Aligeuka polepole. Nyati dume alikuwa amesimama barabarani, peke yake, mbali kiasi cha upana wa uwanja wa kikapu. Tope lilikuwa limemkaukia mgongoni. Alikuwa ameinua pua, anamtazama.

Felista alizaliwa Rhotia. Alijua watu waliouawa na nyati mashambani, alikwenda kwenye mazishi yao. Alijua kwamba dume aliyetengwa na kundi ndiye mbaya kuliko wote, na kwamba usikimbie, na usipige kelele. Nyuma yake kulikuwa na mti mmoja mwembamba. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka gome likamgusa mgongoni. Nyati alipiga ukwato chini.

Na bondeni, baba yake alikuwa anangoja jina.

Alijua akinyamaza mzee atafumba macho. Alijua pia akipiga kelele huyu mnyama atakuja. Alijaribu kusali, akakuta amesahau maneno ya sala aliyoifundishwa kabla ya kujua kusoma. Honi ikalia kutoka chini, mara moja, kwa kusitasita. Mzee alikuwa anamwita. Alikuwa anamuuliza, *mbona umenyamaza?*

Nyati aligeuza kichwa kuelekea kwenye sauti ile.

"Russell!" Felista akapiga kelele, macho ameyafumba. "Baba, Russell! Piga honi! Bill Russell!"

Honi ikalia, safari hii kwa nguvu na kwa muda mrefu, msitu mzima ukaitikia. Alisikia kwato zikikwaruza mawe. Alingoja kupigwa. Alipofumbua macho, barabara ilikuwa tupu, na matawi upande wa pili yalikuwa yanatikisika.

Alishika mti ule kwa mikono miwili, akalia, na katikati ya kilio akaita jina ambalo alijua litamchokoza mzee kuliko yote, jina ambalo kwa miaka mingi walikuwa wamelizozania mezani.

"LeBron!"

Honi ililia mara moja.

Felista alingoja nyingine nne. Aliinamisha kichwa kusikiliza, akazuia pumzi. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani. Hakuna kitu.

"Baba, LeBron!"

Mara moja tu, fupi, dhaifu.

Tangu gari lilipoteleza alikuwa na hofu, na mbele ya nyati alidhani ameifikia hofu ya mwisho. Sasa alijua bado. Baba yake, ambaye hakuwahi kukubaliana naye hata siku ya kuzaliwa kwake, alikuwa amempa LeBron nafasi ya kwanza. Akaanza kushuka, akishika mizizi, akiita "Baba! Baba!" Na papo hapo akasikia injini.

Ilikuwa juu, inashuka. Ilikuwa inasikika vizuri kabisa, gia ya chini, matairi yakisaga tope. Alikuwa ameshashuka robo ya mteremko. Akiendelea kushuka, atamfikia baba na gari litapita. Akipanda, huenda anamwacha afe peke yake.

Alipanda. Baadaye alisema hajui aliamuaje, alikumbuka tu kwamba alikuwa anapanda na kumwomba baba yake msamaha kwa sauti. Alitokea barabarani kwa magoti, mikono juu, na taa za gari zikamjia usoni. Gari likafunga breki, likateleza, bampa ikasimama karibu na kifua chake.

Dereva aliruka chini akitukana. Alikuwa mwanaume mnene, amevaa koti la kampuni. "We dada, umechoka kuishi?"

"Baba yangu yuko chini! Gari limeanguka! Mzee Wilibrodi wa Rhotia!"

Uso wa yule mtu ulibadilika. "Mzee Wili?" alisema. "Mzee Wili ndiye aliyenifundisha kazi." Alikuwa anaitwa Raphaeli. Aligeuka, akawaambia wageni wake wawili, mume na mke wa makamo, wabaki ndani na wafunge vioo, akaita getini kwa redio ya gari huku mkono mwingine ukivuta waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia magari yaliyokwama. Wale wageni hawakubaki ndani. Mwanamke alishuka na tochi akasimama ukingoni kuwamulikia, mwanaume akashika kamba ya kushukia, na Raphaeli na Felista wakashuka na jeki.

Wilibrodi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Mkono wake ulikuwa bado juu ya honi, lakini haukuwa ukibonyeza.

"Baba!"

Alifungua macho nusu. "Selina, funga mlango. Baridi inaingia."

"Ni mimi, Felista. Baba, LeBron ni wa ngapi?"

"Ndiyo," alisema mzee kwa upole. "Ndiyo, mama. Kama unavyosema wewe."

Felista aligeuka kumtazama Raphaeli, na Raphaeli akakwepa macho yake. Alifunga ndoano ya winchi kwenye chasisi ya nyuma ili gari lisiporomoke, akaweka jeki kati ya dashibodi na sakafu, akaanza kuisukuma. Chuma kilikuwa kinapanda kidogo kidogo. Felista alikuwa ameshika kichwa cha baba yake kifuani, anazungumza bila kukoma, mambo ya shamba, mambo ya ng'ombe, mambo ya wasichana wa Endulen, chochote. Mguu ulipoachiwa, mzee alipiga kelele. Kelele zile zilimfurahisha binti yake kuliko wimbo wowote, kwa sababu maiti haipigi kelele.

Walimpandisha kwa turubali. Gari la askari wa hifadhi lilikuwa limeshafika, na askari mmoja, Olais, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa, alikaa na mzee nyuma akiwa amembana paja kwa nguvu njia nzima mpaka hospitali ya Karatu. Felista alikaa kando yao. Hakuuliza chochote. Aliogopa jibu.

Madaktari walimwongezea damu usiku huo, na kesho yake wakampeleka Moshi. Huko walimkata mguu chini ya goti. Selina alikaa naye wodini, akimgombeza kana kwamba alianguka makusudi.

Felista alipopata ruhusa shuleni alikwenda kumwona. Mzee alikuwa amekonda, ndevu zimeota nyeupe, lakini macho yalikuwa yake. Walizungumza habari za nyumbani. Mwishoni Felista akamuuliza.

"Baba, kule bondeni, nilikutajia LeBron, ukapiga honi moja. Unakumbuka?"

"Ulimtaja LeBron?"

"Mara mbili."

Wilibrodi alitazama dari muda mrefu. "Mwanangu, sikusikia jina lolote mwishoni. Nilikuwa nasikia sauti tu, kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilijua ni yako. Nikawa nabonyeza ili usishuke. Niliogopa kwamba ukishuka, gari litaondoka na sisi wote wawili." Akavuta shuka kifuani. "Sijawahi kuogopa vile. Hata nilipokuwa kijana na simba walipozunguka hema langu, sikuogopa vile."

Felista hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema anaogopa kitu. Alikaa na neno hilo kimoyomoyo, hajui aliweke wapi. Alimshika mkono, na mzee hakuutoa.

Tangu siku ile hakutaka tena kupita barabara ya kreta. Naishorua alipiga simu mara nyingi, akisema wasichana wameunda timu na wanamngoja, naye kila mara akatoa udhuru: mitihani, mvua, gari. Lori la vitunguu kutoka Mang'ola likipiga honi mjini, alikuwa anasimama katikati ya sentensi mbele ya wanafunzi, chaki mkononi, akihesabu.

Kiangazi kilipofika, Wilibrodi akiwa ameshapata mguu wa bandia, alimwita Raphaeli bila kumwambia mtu. Siku ya Jumamosi gari likasimama mlangoni. "Twende Endulen," mzee alisema.

"Mimi siendi, baba."

"Sikukuuliza."

Basi akaenda, kwa sababu nyumbani kwao watoto hawakubishana na baba. Walipovuka geti na kuanza kupanda msituni, jua lilikuwa linawaka, lakini kwenye kona za juu ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka. Felista alianza kutetemeka. Alijaribu kuzuia, meno yakagongana. Alimwomba Raphaeli asimame, na Raphaeli akasimama pembeni, upande wa mlima.

Mzee Wilibrodi alishuka kwa shida, akiegemea mlango, akaja dirishani kwake. Felista alidhani atamgombeza.

"Ogopa tu," alisema. "Mimi mwenyewe tangu getini naogopa. Tazama." Akainua mkono wake kumwonyesha, na kweli ulikuwa unatetemeka.

Walikaa pale mpaka ukungu ulipopungua kidogo. Magari ya wageni yaliwapita, madereva wakimpungia mzee. Kisha Felista akasogea katikati ya kiti cha nyuma ili baba yake akae kwenye dirisha la upande wa mlima, mbali kidogo na bonde, naye mzee akakataa, akakaa yeye upande wa bonde. Raphaeli akaweka gia ya kwanza, wakaendelea kupanda, baba na binti wakiwa wameshikana viganja vya mikono.